Vila za juu ya maji Maldivi: chagua maji kwanza, nyumba baadaye

Picha inayoiuza Maldivi ni ile ile siku zote: ngazi ya mbao inashuka kutoka barazani hadi kwenye maji ya rangi ya feruzi, na hakuna mtu mwingine karibu. Ngazi hiyo ndiyo unayoilipia. Kitanda kikubwa, beseni la kuogea lenye dirisha la baharini, mashine ya kahawa na mashuka ya pamba vyote vimo pia katika vila ya ufukweni ya hoteli hiyo hiyo, na mara nyingi kwa bei ya chini zaidi. Ziada unayoitoa ni ya kulala juu ya bahari na kuingia majini bila kukanyaga mchanga. Kwa hiyo hapa tunaanza na maji yenyewe, ingawa tovuti za hoteli huanza na kitanda.

Malazi haya hayakuzaliwa Maldivi. Yalianzia Raiatea, Polinesia ya Kifaransa, mwaka 1967, pale Wamarekani watatu wenye hoteli isiyo na ufukwe wa maana walipoamua kujenga vyumba juu ya nguzo baharini. Maldivi ilifungua hoteli yake ya kwanza ya kitalii, Kurumba, mwaka 1972, na baadaye ikauchukua mtindo huo ukawa ndio sura ya nchi. Utaratibu wa huko ni kisiwa kimoja, hoteli moja. Hakuna kuvuka barabara kwenda kununua maji dukani, wala kuhamia hoteli ya jirani usiporidhika. Ukikosea kuchagua, kosa hilo utakaa nalo siku zote ulizolipia.

Bamvua ndilo jibu la kwanza

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atauliza: mbona Zanzibar, Mafia na Diani hakuna vila za namna hii kwa mamia? Sababu kubwa ni bamvua, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Pale Paje au Jambiani maji yakipwa, bahari hurudi nyuma hadi karibu na mwamba, na wakulima wa mwani hutembea kwa miguu mahali ambapo saa sita kabla ngalawa zilikuwa zinaelea. Nyumba ya nguzo ikijengwa pale ingeshinda nusu ya siku juu ya mchanga na majani ya bahari. Maldivi tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 1 tu hata wakati wa bamvua. Ndiyo maana fundi anaweza kusimamisha nguzo mahali pamoja na ngazi ikabaki majini mchana na usiku.

Lakini mita 1 si kitu kidogo mahali penye kina cha mita moja na nusu. Vila nyingi zimejengwa kwenye maji ya kina hicho, na wakati wa bamvua maji chini ya ngazi yanaweza kushuka hadi magotini. Hapo hutokea ajali ya kawaida kuliko zote: mgeni anatoka chumbani mchana, maji ni yale yale mazuri ya jana, anaruka kutoka barazani, anatua kwenye mchanga mgumu au kwenye jiwe. Maji safi sana hudanganya kina. Shuka kwa ngazi kila mara, hata kama jana yake uliona yanakufika kifuani. Majedwali ya maji ya Malé, mji mkuu, yanapatikana bure kwenye intaneti. Yaangalie kabla ya kupanga tarehe. Kwa anayependa kuogelea chini ya vila yake, siku za maji mafu ni bora, kwa sababu maji hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kusi, kaskazi na upande wa gati

Hapa mtu wa pwani anajua zaidi kuliko mawakala wengi wa Ulaya, kwa sababu pepo ni zile zile. Kaskazi inayoleta joto kwetu kuanzia Desemba ndiyo inayoleta kiangazi Maldivi, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kusi ikishavuka ikweta hupinda, ikafika Maldivi ikitokea kusini magharibi, na kuanzia Mei hadi Oktoba huja na mawingu, mvua za ghafla na mawimbi. Ni pepo hizi zilizowabeba wasafiri wa zamani kati ya pwani hizi. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikuja kuwa kadhi huko huko Maldivi.

Kwa mgeni wa leo maana yake ni hii. Gati la vila, ile njia ya mbao juu ya maji inayoziunganisha na kisiwa, likiwa upande wa magharibi wa kisiwa, likatazama nje ya atoli (mduara wa visiwa na matumbawe), mwezi Juni au Julai upepo hulipiga usoni. Baraza halikaliki jioni, maji chini yake yanachafuka kwa mchanga uliotibuliwa, na usiku mawimbi yanagonga nguzo bila kupumzika. Gati lililo upande wa mashariki siku hizo hizo huwa limetulia kwa sababu kisiwa chenyewe ni kinga. Desemba na Januari, kaskazi inapovuma kwa nguvu, mambo hugeuka. Februari na Machi pande zote huwa shwari, na bei nazo huwa juu. Miezi ya tangambili, pepo zinapobadilishana, yaani Novemba na mwishoni mwa Aprili, ni bahati nasibu yenye nafuu ya bei. Kwa maoni yetu Novemba inafaa kujaribiwa.

Kusi ina faida yake moja kubwa: huleta chakula baharini. Ghuba ya Hanifaru katika atoli ya Baa, eneo ambalo UNESCO ililiweka kwenye orodha yake ya hifadhi hai mwaka 2011, hukusanya samaki taa wakubwa aina ya manta kati ya Juni na Novemba. Anayekwenda kwa ajili ya taa hao aende wakati wa kusi, akae Baa, na achague vila ya upande uliokingwa.

Kuna swali la macheo na machweo pia. Vila za machweo huuzwa ghali zaidi, tofauti ikiwa dola 50 hadi 200 kwa usiku katika hoteli nyingi. Ukweli ni kwamba vila hizo hupigwa na jua kali kuanzia saa 8 mchana hadi saa 12 jioni, wakati ambao watu wengi wanataka kukaa barazani. Mbao zinachoma nyayo, kiyoyozi kinahangaika, na pazia hufungwa, ile bahari uliyoilipia ikabaki nje. Vila ya macheo ina kivuli mchana kutwa baada ya adhuhuri, na machweo unaweza kuyatazama bure kutoka ufukweni au mgahawani. Chukua macheo.

Soma picha ya setilaiti kabla ya kusoma maoni ya wageni

Fungua ramani yoyote ya setilaiti, tafuta jina la hoteli, sogeza karibu hadi uone gati. Rangi zitakuambia mengi. Feruzi iliyopauka, karibu na nyeupe, ni mchanga mtupu wenye maji mafupi: pazuri kwa picha na kwa asiyejua kuogelea, lakini chini ya maji utaona mchanga, vichanga vya papa wa mwambani wenye ncha nyeusi za mapezi (hawana madhara), na taa mmoja mmoja akipita. Madoadoa ya kahawia ni matumbawe yaliyotawanyika. Mstari mweusi, mahali feruzi inapogeuka ghafla kuwa buluu nzito, ndio ukingo wa mwamba. Hapo ukuta wa matumbawe unashuka wima, na hapo ndipo samaki walipo.

Pima kwa rula ya ramani umbali kutoka ngazi za vila hadi mstari ule. Mita 30 hadi 60 ni hazina: unavaa miwani na mrija, unashuka, na baada ya dakika mbili unaelea juu ya ukuta. Mita 300 au 400 maana yake utategemea boti ya hoteli, mara nyingi kwa malipo, na kwa saa walizopanga wao. Ukiona gati limekaa kwenye mlango wa maji kati ya visiwa viwili, jihadhari na mkondo. Milango hiyo hupitisha maji ya atoli nzima yanapojaa na kupwa, na mwogeleaji wa kawaida hawezi kushindana nayo. Kanuni ya wenyeji wa kazi hii ni moja: tazama kwanza samaki wadogo wameelekea wapi, kwa sababu wao huukabili mkondo, anza kuogelea kwa kuukabili, ili ukichoka ukurudishe nyumbani.

Usitegemee matumbawe ya rangi kila mahali. Joto la bahari liliyapausha kwa wingi mwaka 1998 na tena 2016, na mwamba wenye afya sasa ni jambo la kuulizia kisiwa kwa kisiwa. Iandikie hoteli barua pepe fupi na uulize mambo manne: kina cha maji chini ya vila wakati wa kupwa, umbali wa ukingo wa mwamba, kama kuna ujenzi au uchimbaji wa mchanga karibu katika tarehe zako, na mwaka ambao vila zilikarabatiwa mara ya mwisho. Hoteli inayojibu kwa namba inafaa kuaminiwa. Inayojibu kwa kusifia mandhari, endelea kutafuta nyingine.

Vila yenyewe, ukiitazama kwa karibu

Chumvi haisamehi kitu. Katika vila yenye umri wa miaka mitano hivi bila ukarabati, dalili ziko sehemu zile zile. Anza na mlango wa kuteleza wa kwenda barazani: reli yake hujaa chumvi na mchanga, ukasukumwa kwa mikono miwili. Kitasa cha kadi hukataa kwa sababu ya kutu. Skrubu za mbao za baraza hupanda juu kidogo kidogo, milimita mbili tatu, za kutosha kuchana unyayo. Pitisha kiganja chako juu ya mbao zilizo karibu na ngazi kabla watoto hawajakimbia pale. Mwisho angalia vidato vya chini vya ngazi. Vile vinavyozama na kuibuka hushika utelezi wa kijani baada ya siku chache tu visiposuguliwa. Hoteli makini husugua kila wiki au huviringishia kamba ya katani. Ukikuta utelezi, piga simu mapokezi siku hiyo hiyo. Ni kazi ya nusu saa, na wanaijua.

Mbao za baraza huachwa nafasi ya milimita 5 hadi 10 ili maji yapite. Nafasi hiyo inameza hereni, pete, kadi ya mlango na hata simu nyembamba ikitua kwa ubavu. Pete huvulika kirahisi mikono ikiwa na mafuta ya jua. Ivue chumbani, iweke kwenye sefu, ndipo upake mafuta.

Sakafu ya kioo inasifiwa kupita kiasi. Mchana, mwanga wa chumbani ukizidi wa chini, kinachoonekana ni kivuli chako. Upande wa chini pia hushika mwani usiposafishwa na mzamiaji. Uzuri wake ni usiku, kama kuna taa imefungwa chini ya nyumba: mwanga huvuta vidagaa, vidagaa huvuta wakubwa, na ukizima taa za chumbani utaona kila kitu. Ulizia kama taa hiyo ipo. Bila taa, kioo hakistahili hata dola 10 za ziada.

Bwawa dogo barazani ni ziada nyingine ya kufikiria mara mbili. Katika vila nyingi ni la mita 3 kwa 4 hivi, linakaa juani, na saa 9 mchana maji yake yamekuwa vuguvugu kama ya kuogea. Linamfaa asiyejua kuogelea, anayetaka kuoga bila kuonekana, na anayekwenda wakati wa kusi kali. Kwa wengine bahari ipo hatua sita chini, na tofauti ya bei inatosha kulipia safari mbili za kuzamia.

Faragha nayo si ya kudhania. Vila zikijengwa pande zote mbili za gati kwa ukaribu, jirani anaona ngazi yako. Zilizo mwishoni mwa gati huwa na utulivu na mtazamo mpana, lakini ni mwendo wa mita 500 hadi 800 hadi mgahawani, kwa miguu au kwa gari dogo la betri utakalolisubiri. Zilizo mwanzoni hupitiwa na magari hayo mchana kutwa, na magurudumu juu ya mbao yana kelele. Katikati, upande uliokingwa, ndiyo nafasi tunayopendekeza. Kiyoyozi katika vila nyingi huzimika chenyewe mlango wa baraza ukiachwa wazi. Si kibovu, kina kihisio. Mbu ni wachache kuliko vila za ufukweni kwa sababu ya upepo.

Jambo la usalama halizungumzwi vya kutosha. Nyumba ni ya mbao, paa ni la makuti au la plastiki iliyotengenezwa kufanana na makuti, na njia ya kutokea kwa miguu ni moja tu, gati. Siku ya kwanza tafuta kizima moto kiko wapi na majaketi ya kuokolea yako kabati gani. Njia ya pili ya kutoka ni ngazi ya baharini, kwa hiyo asiyejua kuogelea ajaribu kuvaa jaketi lake mapema. Mabaraza mengi hayana ukingo. Hoteli nyingi hukataa watoto wadogo kwenye vila hizi au huwataka wazazi wasaini karatasi ya kubeba dhamana, na hawana kosa. Mwenye mtoto wa miaka mitatu achukue vila ya ufukweni.

Kufika: ndege ya majini ina masharti yake

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar, njia iliyozoeleka ni kupitia Dubai au Doha hadi uwanja wa Velana, kando ya Malé. Viza ya siku 30 hutolewa bure uwanjani kwa raia wa karibu nchi zote, ukiwa na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa malazi. Fomu ya msafiri, IMUGA, hujazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya kuingia, na tena kabla ya kutoka. Ni bure, na tovuti zinazodai malipo ni za walaghai. Wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, wanatakiwa kuwa na cheti cha chanjo, na sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Pombe na nyama ya nguruwe haziruhusiwi kuingizwa. Chupa iliyonunuliwa Dubai itazuiwa forodhani.

Kutoka Velana, visiwa vya karibu hufikiwa kwa boti ya kasi kwa dakika 10 hadi 60. Vya mbali hufikiwa kwa ndege ya majini, nyingi zikiwa Twin Otter za abiria kama 15, ambazo hazina kiyoyozi. Huruka mchana tu. Hapa ndipo wengi hupoteza usiku mzima waliokwisha kuulipia: ndege ya kimataifa ikitua baada ya saa 9 na nusu alasiri, ya majini ya mwisho imekwisha au imejaa, na unalala Malé au Hulhumalé kwa gharama yako. Wakati wa kurudi, usichukue ndege ya kimataifa inayoondoka kabla ya saa 3 asubuhi. Muda wa kuruka hutangazwa jioni ya kuamkia safari, kwa kuwa ndege moja huzungukia hoteli kadhaa.

Mizigo hupimwa: kilo 20 sandukuni na kilo 5 mkononi, ziada inalipiwa kwa kilo. Na mzigo wako unaweza kuja na ndege inayofuata, saa mbili tatu baadaye, uzito ukizidi. Weka nguo ya kuogelea, dawa na chaja kwenye mkoba wa mkononi. Plagi nyingi ni zile zile za pini tatu bapa tunazotumia Kenya na Tanzania, kwa hiyo adapta haihitajiki sana. Saa za Malé ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 2, na baadhi ya hoteli huongeza saa 1 nyingine ili jua lichelewe kuchwa. Uliza, usije ukakosa boti.

Kwa wanaokwenda siku tatu nne tu tunashauri kisiwa cha boti. Nusu siku ya kusubiri ndege ya majini, kwenda na kurudi, ni sehemu kubwa mno ya safari fupi.

Hesabu halisi

Bei inayoonekana kwanza mara nyingi imeandikwa na alama mbili za kujumlisha mbele yake. Alama hizo ni ada ya huduma asilimia 10, kisha GST ya utalii, yaani kodi ya bidhaa na huduma, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, inayotozwa juu ya bei pamoja na ile ada. Kwa hiyo zidisha kila bei ya hoteli kwa 1.287. Kodi ya kijani iko pembeni: tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa mtu kwa usiku.

Tuchukue mfano wa wanandoa wa fungate, usiku 4, vila ya dola 900. Malazi ni 3,600, na baada ya ada na kodi ni 4,633. Kodi ya kijani ni 96. Ndege ya majini, tuseme 550 kwa mtu kwenda na kurudi, ni 1,100. Milo miwili kwa siku kwa dola 100 kila mmoja ni 800, ambayo ni 1,030 baada ya ada na kodi. Jumla ni karibu dola 6,860, yaani dola 1,715 kwa usiku, kabla ya chakula cha mchana, vinywaji na safari za baharini. Bei ya 900 imekaribia kuongezeka maradufu, na hakuna aliyedanganya. Yote yaliandikwa chini kwa herufi ndogo.

Chakula ndicho kinachovuruga bajeti kuliko kitu kingine. Kisiwa hakilimi, karibu kila kitu isipokuwa samaki na nazi kinaletwa kwa meli au ndege. Sahani ya kawaida mchana ni dola 35 hadi 50 kabla ya ada na kodi. Mpango wa milo miwili unawatosha wengi, kwa sababu kifungua kinywa cha hoteli hizi ni kizito na kinaweza kukusogeza hadi saa 10 jioni. Soma tu kama mpango huo unakubalika kwenye migahawa yote au mmoja. Mpango wa kila kitu ndani unalipa kwa wanywaji. Asiyetumia pombe atakuwa anawalipia wengine.

Asubuhi, kabla ya mayai na mikate ya Ulaya, tafuta mas huni: jodari aliyechambuliwa, akachanganywa na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, akaliwa na roshi, ambayo kwa mtu wa pwani ni chapati isiyo na mafuta mengi. Ndicho chakula kinachofanana na cha nyumbani, na huwa kipo kwenye kona ndogo ambayo wageni wengi huipita. Nchi ni ya Kiislamu, halali haina shida. Nguruwe huandaliwa kando kwa ajili ya wageni na huandikwa wazi. Mswala huletwa ukiomba. Kibla huko ni magharibi kuelekea kaskazini, si kaskazini kama Dar au Mombasa, kwa hiyo tafuta mshale ndani ya droo au kwenye dari.

Usiku ngapi, na njia nyingine

Pendekezo letu ni kugawa: usiku 3 vila ya ufukweni, usiku 2 wa mwisho juu ya maji. Hoteli nyingi hukubali, na mizigo huhamishwa na wahudumu. Ya maji iwe ya mwisho. Ukianza nayo, vila nzuri ya ufukweni itaonekana pungufu bure. Usiku 2 unatosha kuona maji yakijaa na kupwa, kuchwa na kucha, na kuzoea sauti za chini ya sakafu. Usiku wa kwanza watu wengi hawalali vizuri kwa sababu ya sauti hizo.

Bajeti ikikataa, tangu 2009 nyumba za wageni zinaruhusiwa kwenye visiwa vya wenyeji kama Maafushi. Unalala huko kwa sehemu ndogo ya gharama, kisha unanunua siku moja ya kutembelea kisiwa cha hoteli, chakula cha mchana na boti vikiwa ndani. Kwenye kisiwa cha wenyeji hakuna pombe, nguo za kuogelea zinavaliwa kwenye ufukwe uliotengwa tu, na Ijumaa feri za umma kwa kawaida hazisafiri. Kwa anayetaka kulala baharini bila kuvuka Bahari ya Hindi, The Manta Resort ya Pemba ina chumba kinachoelea, kilichozinduliwa 2013, chenye baraza juu na kitanda chini ya maji. Ni kitu tofauti: unakaa peke yako mbali na ufukwe, na usalama wako unategemea boti ya hoteli. Lakini nguzo hakina. Kinapanda na kushuka na bamvua letu, na huo ndio ufundi wa kukaa juu ya maji katika pwani hii.

Jioni ya mwisho, kabla ya kutangaziwa saa ya ndege, omba bili ya muda. Ipitie mstari kwa mstari, hasa vinywaji vya friji ya chumbani, maji ya chupa na safari zilizofutwa kwa sababu ya upepo, kwa kuwa hizo ndizo husahaulika kufutwa kwenye bili. Asubuhi mapokezini kuna foleni na boti inangoja. Hapo hakuna anayesikilizwa vizuri. Bakshishi haidaiwi kwa sababu ada ya huduma imo, ila ukitaka kumshukuru mtunza chumba, mpe mkononi, kwa noti ndogo za dola ulizotoka nazo nyumbani, maana kupata chenji kisiwani ni kazi.